Bourse si ya mtu mmoja: kiongozi akienda kusoma Ulaya, wachimbaji wanabaki na nini?

Kuna neno moja ambalo likitajwa ndani ya mkutano wa sendika yetu, watu wananyamaza kwanza, kisha wanaanza kunong'onezana: bourse. Barua inafika toka ng'ambo, inasema kuna nafasi ya masomo ya uongozi kwa viongozi wa wafanyakazi. Tiketi ya ndege imelipwa, chumba kimelipwa, chakula kimelipwa, na kila siku kuna franga kidogo za mfukoni, zile tunaita perdiem. Nafasi ni moja. Sisi tuko mamia. Nani ataenda?

Mwaka huu tena barua kama ile imefika, na mabishano yameanza toka Kadutu mpaka Kamituga. Tumeona ni vizuri tuandike jambo hili wazi mbele ya wachimbaji na familia zao, juu hii haiko siri ya komite. Kiongozi akienda kusoma kwa jina lenu, masomo yale ni yenu. Watu wanauliza nani ana bahati ya kupanda ndege. Sisi tunaomba muulize kitu kingine: akirudi, shimo litapata nini?

Masomo yenyewe ni ya namna gani

Shirika la Kazi la Kimataifa, lile tunaita OIT, lina kituo chake cha mafunzo katika mji wa Turin, Italia, kando ya mto Po. Kiliundwa mwaka 1964, ndani ya majengo yaliyobaki kisha maonyesho makubwa ya mwaka 1961. Pale kuna programu ya wafanyakazi peke yao, na masomo mengine yanatolewa kwa Kifaransa, jambo la maana kwetu sisi watu wa Kongo. Kule Marekani, chuo kikuu cha Harvard kina kozi ya viongozi wa sendika toka mwaka 1942. Ni ya majuma kadhaa tu, lakini ni moja kati ya kozi za uongozi za zamani kabisa za chuo kile. Uingereza, katika mji wa Oxford, Ruskin College ilifunguliwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi ambao hawakupata njia ya kuingia chuo kikuu.

Wengi wanafikiri mtu anaenda kule kujifunza kuhutubia. Kuhutubia tunajua, hata bila kwenda Ulaya. Kule wanafundisha kazi ngumu zaidi: kusoma karatasi za hesabu za kampuni na kuona faida imefichwa wapi, kupanga majadiliano, nani aseme kwanza, nani anyamaze, kitu gani msiachie hata kidogo, kuandika madai kwa namna ambayo mwanasheria wa kampuni hawezi kuyatupa, kujua sheria ya kazi na mikataba ya OIT, kulinda uhai wa watu mahali pa kazi.

Tutoe mfano wa hapa nyumbani. Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema namna ushuru wa madini, ule wanaita redevance, unavyogawanywa. Kampuni ikilipa dola 100, 50 zinaenda kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa chefferie, sekta ama komini mahali mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inapaswa kutoa 0.3% ya mauzo yake yote kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Sasa tuulizane bila haya: ndani ya komite zetu, ni wangapi wanaweza kuchukua karatasi ya kampuni, kukuta mauzo ya mwaka, na kusema mbele ya wakubwa kwamba jamii ilipaswa kupata kiasi fulani na imepata kiasi fulani? Mwenye kujua hesabu ile anaingia katika mazungumzo na kalamu. Asiyeijua anaingia na kelele, na kelele inachoka mbele ya saa sita.

Na kuna masomo ambayo bei yake ni maisha ya watu. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilinyesha Kamituga, mashimo yakajaa maji na kuanguka, makumi ya vijana wakabaki chini. Familia nyingi zinazosoma gazeti hili zinajua siku ile kuliko sisi tunavyoweza kuiandika. Namna ya kupitisha maji kando ya shimo, kuweka miti, kuandika majina ya walioshuka, kuwapa watu haki ya kukataa kushuka kisha mvua kubwa: mambo haya yanafundishwa, na hayaombi mashine ya pesa nyingi. Yanaomba mtu aliyejifunza, na ekipe inayomusikia.

Mtoto wa shamba la mkonge

Kama mnataka kuona bourse iliyotumika sawasawa, tuangalie jirani zetu wa Kenya. Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, Kilima Mbogo, karibu na Thika, ndani ya shamba la mkonge la mzungu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa shamba lile. Mboya alisoma shule za misheni, lakini pesa za kuendelea zikakosekana, akaenda kusomea kazi ya kukagua usafi. Alipoanza kazi katika manispaa ya Nairobi, mshahara wake haukuwa sawa na wa mzungu mwenye kazi ile ile. Hapo njo sendika ilianzia: aliwakusanya wafanyakazi wa manispaa, na mwaka 1953, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la sendika za Kenya.

Tukumbuke wakati ule ulikuwa namna gani. Toka Oktoba 1952 Kenya ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari. Vyama vya siasa vya Waafrika vilifungwa, viongozi walikuwa gerezani. Mwaka 1954 askari walizunguka Nairobi na kukamata maelfu ya watu, kati yao wafanyakazi wengi na viongozi wa sendika. Kulikuwa sababu nyingi za mtu kutafuta bourse na kukimbia.

Lakini Mboya hakupata bourse kwanza. Kwanza alifanya kazi. Mwezi wa Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alishuka kule, akakaa nao, akaenda na madai yao mezani. Mwishowe walipata nyongeza ya 33%. Ni kisha pale, mwishoni mwa mwaka ule ule, njo alienda Ruskin College kwa bourse, mwaka mmoja, kusoma siasa na mambo ya uhusiano kati ya wafanyakazi na waajiri. Watu walikuwa wameishaona kazi yake mbele ya kumuona akipanda ndege. Neno hili tunaomba lishikwe vizuri, tutalirudilia.

Alipokuwa Oxford hakukaa kimya. Aliandika kijitabu juu ya suala la Kenya, kikachapwa mwaka 1956. Alipomaliza masomo alipita Marekani, akaonana na sendika za kule, akarudi na msaada wa kujenga nyumba ya sendika Nairobi. Nyumba ile, Solidarity House, ingali makao ya shirikisho la sendika la Kenya. Angeweza kurudi na koti zuri tu. Alirudi na paa juu ya vichwa vya wengine.

Yaliyofuata yanajulikana. Machi 1957 Nairobi ilimchagua kuingia baraza la kutunga sheria. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa mataifa ya Afrika huko Accra, mkutano ambamo Patrice Lumumba wetu alikuwa amekaa pia. Mwaka 1959 alipanga ndege iliyobeba vijana 81 kwenda kusoma Marekani, na katika miaka iliyofuata wakawa mamia. Mwaka 1962, akiwa waziri wa kazi, aliwaketisha serikali, waajiri na sendika pamoja, wakatia sahihi mapatano juu ya namna ya kumaliza magomvi ya kazi. Ukiangalia mapatano yale unaona mkono wa mtu aliyesoma jambo lile darasani na kulipigania bandarini.

Hatuandiki hadithi ya mtakatifu. Mapatano yale yalisaidia wafanyakazi kutambuliwa, lakini yalifunga pia njia ya mgomo wa haraka. Na mwaka 1965 serikali ya Kenya, ambamo Mboya alikuwa waziri, ilivunja mashirikisho yaliyokuwa yakigombana na kuunda moja tu, huku rais akipata neno katika uteuzi wa katibu mkuu wake. Mtoto wa sendika alikuwa upande wa pili wa meza. Kiongozi akipanda, tusilale: tuendelee kumuangalia. Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38.

Mwenye kulipa anataka nini?

Kuna swali jingine ambalo wazee wa sendika walilijua vizuri. Wakati wa Mboya dunia ilikuwa imegawanyika pande mbili, na kila upande ulitafuta marafiki kati ya sendika za Afrika. Sendika za upande wa Magharibi zilifungua chuo cha wafanyakazi Kampala mwaka 1958. Israeli ilifungua chuo chake Tel Aviv mwaka 1960. Ujerumani ya Mashariki ilipokea Waafrika katika shule ya sendika ya Bernau, karibu na Berlin. Kila mtu alitoa tiketi, kila mtu alitoa chakula. Wakirudi, ndugu wa shirikisho moja walikuwa hawasalimiani tena, juu kila mmoja aliona sendika ya mwenziwe imeuzwa. Kenya iliumia kwa magomvi yale.

Leo pande zile mbili hazipo kama zamani, lakini coltan, kasiterite na dhahabu ya Kivu zina marafiki wengi. Kuna bourse inayotoka kwa sendika ya ng'ambo, kuna ya serikali ya kigeni, kuna ya shirika lisilo la serikali, kuna hata ya wale wanaonunua madini. Hatusemi tukatae. Tunasema tusome barua mpaka chini. Kama kozi inafundisha namna ya kuzuia mgomo lakini haifundishi namna ya kusoma hesabu za kampuni, tunajua imeandikwa kwa ajili ya nani.

Kurudi, hata mahali pagumu

Hapa Bukavu hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mtu aliyerudi. Daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1955, alienda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Angeweza kubaki, Ufaransa daktari hakosi kazi. Mwaka 1989 alirudi, tena hakurudi mjini: alirudi katika hospitali ya Lemera, kule milimani. Hospitali ile ilishambuliwa mwaka 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha Panzi. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2018, karibu miaka 30 kisha kurudi. Yeye si mtu wa sendika, lakini anatuonyesha kwamba masomo ya ng'ambo yanazaa wakati mwenyewe anayapanda katika udongo wake.

Tumeona na kinyume chake. Kuna wajumbe, katika sendika mbalimbali, waliopanda ndege na simu yao ikanyamaza mpaka leo. Kuna waliorudi na brevet ndani ya kadre, ikatundikwa ukutani, na kisha miezi sita wakafungua shirika lao wenyewe kwa kutumia majina ya wachimbaji. Kuna waliorudi na hawakuweza tena kukaa juu ya mfuko wa mchanga pamoja na ekipe. Hatutaji mtu. Kila mmoja anajua wa kwake.

Shimo halina congé

Mwaka 1974 OIT ilipitisha Mkataba namba 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo: mfanyakazi apewe muda wa kujifunza, hata mambo ya sendika, bila kupoteza mshahara wake. Ni wazo zuri. Lakini linaongea juu ya mtu mwenye mwajiri. Mchimbaji wa shimo hana mshahara wa mwezi. Anagawana na ekipe yake kile kilichotoka, kisha PDG wa shimo kuchukua sehemu yake. Asiyeshuka hana fungu.

Kwa hiyo mtu akipata bourse ya miezi miwili, ndege imelipwa lakini nyumba haijalipwa. Nani atatoa minerval ya watoto? Nani atanunua unga? Perdiem inafika kule kule, na Ulaya kikombe cha kahawa kinaimeza. Ongeza safari mbele ya safari: pasipoti, picha, karatasi, kisha Kinshasa kutafuta visa, juu Bukavu haina ambassade. Mtu anaweza kulala wiki mbili Kinshasa, kisha akanyimwa visa. Gharama hizi barua haizisemi. Matokeo yake, mwenye kwenda anakuwa kila mara yule mwenye pesa kidogo, mwenye ndugu Kinshasa, mwenye Kifaransa cha shule. Mwenye kujua shimo anabaki shimoni.

Na mama zetu je? Kamituga nzima inawajua watwangaji wa mawe, wale wanaitwa twangaises. Wanatwanga toka asubuhi, vumbi linaingia kifuani, na bei ya kazi yao inapangwa na wengine. Kati yao kuna mama anayeongoza kikundi chake, anamaliza magomvi, anashika kaye ya mchango bila franga moja kupotea. Huo ni uongozi tayari. Lakini barua ya bourse inaomba diploma ya serikali na Kifaransa kizuri, basi jina lake halifiki hata kwenye meza.

Mwaka huu, kati ya majina yaliyopendekezwa, kuna sekretere kijana mwenye Kifaransa safi, na kuna mama wa namna ile. Wengine wanasema tukituma mama tutapata haya. Sisi tunasema wazi: Kifaransa kinafundishwa, mkalimani anapatikana, na wenye kutoa bourse wanaweza kuulizwa wabadilishe masharti. Imani ya watu mia tatu wanaokukabizi pesa yao ya mchango haifundishwi Turin wala Oxford. Mkutano mkuu njo utaamua, kwa kura. Lakini jina la mama lisitolewe kwenye orodha mbele ya kura.

Masharti tunayopendekeza

Ili magomvi yasirudi kila mwaka, tunaomba wanachama wakubali masharti haya, yaandikwe na yatiwe sahihi.

La kwanza, barua yoyote ya bourse isomwe mbele ya mkutano, kwa Kiswahili, toka mwanzo mpaka mwisho: nani analipa, kiasi gani, siku ngapi, wanafundisha nini. Barua iliyokaa ndani ya mfuko wa prezida haiko tena barua ya sendika.

La pili, anayetumwa awe na kazi inayoonekana: shimo alilosaidia, ugomvi aliomaliza, madai aliyofikisha. Mombasa mbele ya Oxford.

La tatu, ekipe na sendika waweke mchango mdogo kwa familia yake wakati hayupo. Familia nayo ijue kiasi cha perdiem. Pesa ikijulikana haileti uchawi ndani ya nyumba.

La nne, kazi yake ya sendika isibaki bila mtu. Awe na msaidizi aliyepewa kaye zote, funguo zote na namba zote za simu mbele ya safari. Sendika ambayo mtu mmoja akiondoka inalala, ilikuwa imelala zamani.

La tano, ndani ya mwezi mmoja kisha kurudi, atoe raporo kwa mdomo katika migodi, si katika sale ya hoteli. Na ndani ya mwaka mmoja awe amefundisha watu 20 kile alichofundishwa, hata chini ya mti, hata kwa ubao mmoja. Vitabu na karatasi alizopewa ziwekwe ofisini, kila mwanachama aweze kuzisoma.

La sita, kwa miaka miwili asiache sendika kwenda kufanya kazi kwa kampuni, ama kufungua shirika lake, kwa jina la masomo yale. Kisha miaka ile, yuko huru, na tutamuombea heri.

Kuna wenzetu wanaosema masharti haya ni makali, kwamba yatakatisha vijana tamaa. Tunawajibu kwa heshima: mchimbaji akishuka mita makumi chini ya ardhi, kamba yake inashikwa na watu walio juu. Hakuna anayeona ile kamba kuwa jela. Inamshusha, na inamrudisha.

Mama na papa, kaka na dada wa Kamituga, Misisi, Nyabibwe, Shabunda na Walungu: yule atakayechaguliwa akirudi, msimuulize amewaletea nini ndani ya valisi. Mumpe siku mbili alale, asalimie watoto. Siku ya tatu mumwite kwenye mgodi, mukae chini, mumwambie afungue kaye yake na aanze kusoma.